Mapacha wako njiani: nunua viti kwanza, gari baadaye

Mke wangu alipotoka chumba cha ultrasaundi alininyooshea vidole viwili. Nikadhani anataka elfu mbili ya maji ya kunywa. Nilipoanza kupapasa mfuko ndipo akacheka, kisha akalia, kisha tukakaa kimya kwenye benchi la kliniki kama watu waliosomewa hukumu.

Jioni hiyo ushauri ulianza kumiminika. Shemeji alitaka ninunue Prado. Mwenzangu kazini alisema Harrier. Baba mkwe, ambaye kijijini kwao Noah ndiyo usafiri wa kwenda mnadani, alinionya kwamba nikinunua Noah watu watanipungia mkono barabarani wakidhani ninabeba abiria. Kila mtu alizungumzia gari, na hakuna hata mmoja aliyetaja viti vya watoto.

Miezi iliyofuata ilinifundisha kwamba kwa mapacha, gari huchaguliwa na viti. Unanunua viti kwanza, unavibeba hadi yadi, unavifunga ndani ya gari lenyewe, na gari litakalovikubali bila ugomvi ndilo lako. Ukianza na gari, utakuja kugundua tatizo siku ya kutoka hospitali, umesimama juani na vichanga viwili huku mlinzi anakuhimiza uondoe gari.

Hatua ya 1: Hesabu wiki, kisha hesabu vichwa

Mimba ya mtoto mmoja hukupa wiki 40. Mapacha hawana subira hiyo: zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na watoto watatu kwa mara moja huzaliwa kwa kawaida karibu na wiki ya 32. Kwa hiyo jiwekee lengo kwamba kufikia wiki ya 28 gari liwe limeegeshwa nyumbani na viti vimefungwa. Wanaotarajia watatu wasogeze lengo nyuma hadi wiki ya 24.

Lengo hilo ndilo linaloamua ununue wapi. Kuagiza kutoka Japani, tangu unapolipa mpaka gari lipate namba, huchukua miezi miwili hadi mitatu kama meli na karatasi hazikusumbui. Ukijua habari ya mapacha wiki ya 12, agiza. Ukijua wiki ya 24, achana na kuagiza na uende yadi za hapa hapa, hata kama bei ni ya juu. Kuna sababu nyingine ya kuwahi: mama lazima ajaribu gari mwenyewe, na tumbo la mapacha la wiki ya 28 linakaribia ukubwa wa tumbo la mwingine anayesubiri kujifungua. Baada ya hapo kuzunguka yadi ni mateso.

Vichwa navyo usihesabu kwa matumaini. Sisi tulikuwa na binti wa miaka minne. Ongeza Kulwa na Doto, ongeza sisi wawili, ongeza bibi aliyekuja kwa ajili ya arobaini akakaa miezi minane, ongeza dada wa kusaidia kazi. Saba. Siti tano za IST yetu zilikuwa zimekwisha kabla bibi hajafika stendi. (Wasukuma wana jina hata kwa anayezaliwa baada ya mapacha, Shija. Kama mnamfikiria na huyo, mhesabieni siti sasa hivi.)

Hatua ya 2: Nunua viti

Kwa kichanga kuna aina mbili. Cha kwanza ni kile chenye mpini kama kikapu, unachokitoa garini na mtoto akiwa ndani. Cha pili ni kikubwa kinachobaki garini na kumtumikia mtoto miaka kadhaa. Kwa mapacha mimi nachagua cha mpini, kwa sababu moja tu: unaweza kuwafunga watoto wote wawili sebuleni, kwenye utulivu, kisha ukatoka nao mmoja mmoja. Kikubwa kinakulazimisha kumfunga mtoto ukiwa umeinama garini huku mwenzake analia peke yake kibarazani.

Kabla ya kulipa, geuza kiti usome kibandiko chake. Vya viwango vya Ulaya huandikwa R44 au R129. Vya R129 vinavyobeba jina la i-Size vimewekewa ukomo wa upana, sentimita 44, na namba hiyo itakusaidia sana tukifika kwenye vipimo. Tafuta pia uzito wa chini unaoruhusiwa. Mapacha wengi huzaliwa na kilo 2.5 hivi, watatu huwa chini ya kilo 2, na kiti kinachoanzia kilo 3 au 4 hakitamfaa mtoto njiti, mikanda itampwaya. Chagua kinachoanzia uzito mdogo kabisa, chenye mto wa ndani uliotoka nacho kiwandani. Usijaze nguo au kanga nyuma ya mgongo wa mtoto ili abane vizuri.

Viti vya mtumba vipo vingi, kutoka Japani na Uingereza, na baadhi ni vizuri kabisa. Japani imelazimisha viti kwa watoto walio chini ya miaka sita tangu Aprili 2000, kwa hiyo mzigo haukomi. Ila tazama tarehe iliyochongwa kwenye plastiki ya chini. Plastiki huzeeka, na viwanda vingi hutoa maisha ya miaka 6 hadi 10. Kiti chenye ufa, chenye mkanda uliokatika nyuzi, au ambacho muuzaji anakwepa kueleza kilikotoka, kiache hapo hapo. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena hata kama kinang'aa.

Na watoto njiti wana jambo lao. Wakikaa wamekunjika, kidevu hudondokea kifuani na njia ya hewa hubana. Marekani hospitali nyingi humkalisha mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 kwenye kiti chake cha gari kwa dakika 90 au zaidi, wakimpima mapigo na pumzi, kabla ya kumruhusu kuondoka. Hapa kwetu sikuwahi kuona kipimo hicho kikifanywa, lakini muulize daktari wa watoto wazi wazi: huyu anaweza kukaa kwenye kiti kwa muda gani? Tulipouliza tulijibiwa nusu saa. Jibu hilo lilitubadilishia hata njia ya kurudi nyumbani.

Hatua ya 3: Mlango

Hapa sina subira na hoja za upande wa pili. Mlango wa kuslaidi, kama wa Hiace, unashinda.

Fikiria mwendo wenyewe. Kiti cha mpini kina kilo 4, mtoto kilo 3. Unabeba kilo 7 kwa mkono mmoja uliokunjwa, unapita kati ya gari lako na la jirani, unafungua mlango wa kawaida unaokuja moja kwa moja tumboni kwako, unarudi nyuma, unazunguka ncha ya mlango, kisha unaingiza kiti kwa kukizungusha chini ya paa. Halafu unarudia upande wa pili. Sasa mpe kazi hiyo mama aliyefanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita, na mapacha huzaliwa kwa upasuaji mara nyingi kuliko mtoto mmoja. Kisha uende Kariakoo, mahali ambapo ukipata pa kuegesha, nafasi kati ya gari na gari ni upana wa kitabu.

Mlango wa kuslaidi hauhitaji nafasi, na upepo hauwezi kuusukumia gari la jirani. Prado la shemeji lingeniletea mlango wa kawaida pamoja na ngazi ya kupanda. Mke wangu alijaribu kupanda moja akiwa wiki ya 22, akaganda mguu mmoja juu mmoja chini, akasema, "Baba Neema, hapa sipandi tena mpaka wazaliwe." Neema ndiye binti yetu. Mjadala wa Prado ukaishia hapo.

Angalizo kwa walio Burundi, Rwanda na Kongo, wanakoendesha upande wa kulia wa barabara: gari la Kijapani lenye mlango mmoja tu wa kuslaidi huwa nao upande wa kushoto, yaani upande wa magari yanayopita. Noah za kwanza kabisa, zile Townace, ziko hivyo. Toyota Porte pia. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda mlango huo unafungukia upande wa waenda kwa miguu, ambao ndio salama.

Hatua ya 4: Siti za katikati

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii, maana hapa ndipo wengi tunapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Dalali atakuambia "bosi, hii ni siti saba", na ni kweli. Swali ni: siti za nyuma kabisa zinafikiwaje? Kwenye magari kama Wish au Ipsum unakunja siti ya katikati ili mtu apenye kwenda nyuma. Sasa weka viti viwili vya watoto kwenye siti hizo za katikati, vimefungwa kwa mkanda. Hazikunjiki tena. Siti mbili za nyuma zimekuwa kisiwa, na njia pekee ya kuzifikia ni kupitia buti. Bibi mwenye miaka 64 na magoti yanayouma hatapita kwenye buti. Gari lako la siti saba limekuwa la siti tano, na lile pengo katikati ya viti viwili vya watoto halimtoshi mtu mzima. Kwenye IST yetu nilipima pengo hilo kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 28. Neema mwenyewe alikaa hapo akilalamika.

Suluhisho ni siti za katikati zinazojitegemea, moja kushoto na moja kulia, na njia katikati yake. Noah na Voxy za kuanzia 2014 zipo za siti 7 na za siti 8. Ya siti 7 ndiyo yenye njia hiyo. Alphard nazo zipo za namna zote mbili. Kulwa kushoto, Doto kulia, na bibi anapita katikati yao kwenda nyuma akiwa ameshika mkoba wake kama anaingia kanisani.

Wa watatu, hesabu yenu ni tofauti. Mnahitaji ama benchi la katikati linaloingiza viti vitatu, au wawili katikati na mmoja nyuma akiwa na mtu mzima pembeni yake. Viti vitatu vya sentimita 44 ni sentimita 132. Pima upana wa benchi pale chini, usawa wa makalio, usipime juu kwenye mabega ambako milango imebonyea na kukudanganya. Halafu tazama mkanda wa siti ya kati. Magari mengi ya zamani ya Japani yana mkanda wa kiunoni tu hapo, usiopita begani, na viti vingi vya vichanga haviruhusiwi kufungwa kwa mkanda wa namna hiyo. Watu wanalipa gari zima bila kutazama mkanda huo mmoja.

Sasa kuhusu kufunga kwenyewe. Ingiza vidole kwenye mfereji kati ya siti na egemeo lake. Ukigusa vyuma viwili vigumu vyenye umbo la herufi U, hiyo ni ISOFIX, na kiti chenye miguu ya ISOFIX kitang'ata hapo kwa mlio. Magari mengi ya Japani ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yanavyo kwenye siti mbili za pembeni za mstari wa kati, na mara chache sana nyuma kabisa. Kama hakuna, mkanda wa kawaida unatosha ukifungwa sawasawa, ila jaribu mambo mawili. Je, mkanda ni mrefu kiasi cha kukizunguka kiti kinachotazama nyuma na bado ukafika kwenye kifungo? Tuliwahi kupungukiwa na upana wa vidole vinne, gari likakosa soko kwetu pale pale. La pili, ukikishika kiti kilichofungwa pale mkanda unapopita na kukitikisa, kinasogea zaidi ya sentimita mbili na nusu? Kikisogea zaidi, ama kimefungwa vibaya au hakipatani na siti hiyo.

Kisha sogeza siti ya dereva mahali anapokaa dereva mwenyewe. Kiti cha kichanga hutazama nyuma na hula nafasi ndefu. Mimi nina futi sita. Kwenye gari moja magoti yangu yaligusa dashibodi wakati kiti cha mtoto kiko nyuma yangu, na muuzaji akasema utazoea.

Siti ya mbele ya abiria isahau. Kiti kinachotazama nyuma hakikai mbele ya mfuko wa hewa, ule ulioandikwa SRS kwenye dashibodi. Ukifumuka unampiga mtoto kichwani pamoja na kiti chake, na magari mengi ya Kijapani hayana swichi ya kuuzima. Najua kishawishi kilivyo: mama yuko peke yake, mmoja nyuma, mmoja mbele ili amwone. Hapana.

Na hizi Noah za zamani ambazo siti za katikati zinageuka kutazama nyuma: ni raha kwa safari za watu wazima, lakini siti ikiwa imegeuzwa usiifungie kiti cha mtoto. Irudishe itazame mbele kwanza, uhakikishe imeng'ata.

Yadini

Tulikwenda Jumamosi asubuhi na viti vyote vitatu kwenye buti la IST, vikiwemo vya Kulwa na Doto ambao walikuwa bado na wiki kumi tumboni. Kijana wa yadi aliponiona natoa kiti cha kwanza alitazama nyuma yangu, kisha ndani ya gari langu.

"Bosi, mtoto yuko wapi?"

"Hajazaliwa."

"Sasa kiti tunamwekea nani?"

Mke wangu, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa kivulini, akaonyesha tumbo. "Huyu. Na huyu."

Kijana alinyoosha mikono akapokea kiti cha pili. Baada ya hapo alikuwa msaidizi wangu. Tulijaribu magari matano kwa saa mbili. La kwanza, mkanda mfupi. La pili, kiti kiliingia lakini mlango wa nyuma haukufunga bila kusukumwa na goti. La tatu lilikuwa zuri kwa kila kitu mpaka tulipomwomba kijana mwenyewe apite kwenda nyuma viti vikiwa vimefungwa. Akashindwa, akacheka, akasema, "Hapa bibi hapiti." La nne lilikuwa Alphard, pana kama sebule, nikaingiwa na tamaa. La tano lilikuwa Voxy ya siti 7, nyeusi, na alama ya mkwaruzo kwenye bampa. Viti viwili viliingia katikati, cha Neema nyuma, kijana akapita katikati mara tatu, ya mwisho akicheza.

Ukiambiwa viti haviruhusiwi kujaribiwa kwa sababu vitachafua siti, shukuru na uondoke. Yadi ni nyingi.

Hatua ya 5: Buti

Kigari cha kusukuma cha mapacha kina upana wa sentimita 75 hadi 80 kama watoto wanakaa sambamba, au urefu unaozidi mita kama wanakaa mmoja mbele ya mwenzake. Kibebe nacho uende nacho yadini, kikunje, kiweke kwenye buti huku siti za nyuma zikiwa zimesimama kwa ajili ya bibi. Kwenye magari mengi ya siti saba hakitaingia kikiwa kimelala. Kisimamishe wima nyuma ya siti. Sienta ina mtego wake: siti za nyuma hujificha chini ya zile za katikati, na ili kuzificha lazima za katikati zikunjwe kwanza. Ukishafunga viti vya watoto, hutazificha wala kuzifufua bila kung'oa kila kitu. Amua mapema zitakaa vipi, na ziache hivyo. Noah na Alphard hukunja siti za nyuma kwa kuzining'iniza pembeni, kushoto na kulia, kwa hiyo unaweza kuining'iniza moja kwa ajili ya kigari na kubakiza nyingine kwa ajili ya mtu.

Kumbuka pia kwamba kwa mapacha mzigo wa safari ya siku moja ni pampasi ishirini, chupa nane, na nguo za kubadilisha mara tatu tatu. Hilo begi halikai miguuni pa mtu.

Hatua ya 6: Gari kwa majina

Raum ya pili, ya kuanzia 2003. Kwa mapacha ambao ndio wazazi wanaanza nao, bila mtoto mkubwa na bila bibi wa kudumu, hii ni hazina isiyosifiwa. Injini ya cc 1496, milango ya nyuma ya kuslaidi, na upande wa kushoto haina nguzo katikati: ukifungua milango miwili unabaki na uwazi mkubwa kama dirisha la duka. Mtu akikuambia ni gari la kike, mwachie.

Sienta inafaa familia ya aina hiyo hiyo ikiwa na mgeni wa mara moja moja. Mafuta yake ni ya huruma.

Noah na Voxy ndizo jibu kwa wengi. Zile za 2001 hadi 2007 ni nafuu, lakini injini yake ya D4 imewatoa jasho mafundi wengi, na ukikuta fundi anayeifahamu kweli usipoteze namba yake. Kwenye foleni ya Dar, Voxy yetu hutembea kilomita 8 au 9 kwa lita. Sijawahi kupungiwa mkono na abiria, isipokuwa mara mbili, na mara moja nilisimama.

Alphard ni starehe tupu, na wazazi wengi wa watatu wataishia hapo. Lakini injini ya cc 2362 inakunywa, na kwenye baadhi ya hizo inakunywa hata oili. Chungulia kijiti cha oili kabla ya kuwashwa.

Serena ya Nissan na Stepwgn ya Honda zina nafasi nzuri ajabu. Kinachonizuia ni vipuri: ukitoka Dar, Nairobi au Mwanza, duka la karibu litakuwa na vya Toyota kwanza. Hiace ni kubwa mno kwa mtaa wetu, ingawa namjua jirani mwenye mapacha mara mbili ambaye hakuwa na njia nyingine.

Ndugu walio Ulaya wana bahati nyingine. Peugeot 5008 za matoleo ya kwanza na Citroën Grand C4 Picasso zina siti tatu zinazojitegemea katikati, nyingi zikiwa na ISOFIX kwenye zote, na wenye watoto watatu kwa mkupuo huko huzifukuzia kwelikweli.

Hatua ya 7: Pesa

Kwa anayeagiza kwenda Tanzania, ingia kwenye kikokotoo cha magari kilicho kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kupenda picha. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 1000 na tena ikivuka cc 2000. Ndiyo maana Voxy ya cc 1986 iko ngazi moja chini ya Alphard. Juu yake kuna uchakavu: gari lenye miaka 8 linaanza kuongezewa, na lililozidi 10 linaongezewa zaidi. Kenya haipokei kabisa gari lililozidi miaka 8, na Uganda imefunga mlango kwa la miaka 15. Kwa hiyo picha ya bei nafuu ya Japani si bei.

Usitumie shilingi yote kwenye gari. Bakiza ya matairi, shokapu, oili zote, bima kubwa, na viti kama hujanunua. Mtu wa mapacha ananunua maziwa ya kopo mara mbili. Mkopo wa gari utakaokubana utakubana mara mbili pia.

Hatua ya 8: Mambo ambayo fundi hatakagua

Fundi atasikiliza injini, giaboksi na bushi. Mwachie. Wewe fungua na kufunga milango ya kuslaidi mara kumi kila mmoja, kwa swichi na kwa mkono. Mota au waya wake ukikaribia kufa, mlango husitasita katikati. Zuia mlango kwa mkoba wakati unafunga. Lazima urudi nyuma wenyewe, maana siku moja patakuwa na vidole. Tafuta kufuli la watoto kwenye ukingo wa mlango.

Kisha kaa siti ya katikati, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, saa saba mchana. Mtoto anayetazama nyuma hapati upepo wa mbele hata kidogo. Unataka matundu ya hewa darini, yanayotoa baridi ya kweli. Tulipofanya hivyo kwenye Voxy matundu ya nyuma yalitoa hewa vuguvugu, tukapunguziwa bei na gesi ikajazwa.

Hatua ya 9: Mchele

Wiki mbili kabla ya tarehe ya daktari tulifunga mchele kwenye kanga, vifurushi viwili vya kilo tatu tatu, tukavilaza kwenye viti sebuleni, tukavifunga mikanda. Mke wangu akashika saa. Kutoka mlango wa nyumba hadi gari kuondoka, mara ya kwanza dakika kumi na moja, na nilikuwa nimesahau funguo ndani. Mara ya nne, dakika nne. Tulizunguka mtaa, tukapita juu ya matuta yote ya Tabata, tukarudi kutazama kama viti vimesogea. Kimoja kilikuwa kimelala upande. Nilikaza, tukarudia. Bibi alikaa nyuma na Neema muda wote akiuliza lini mchele utapikwa.

Kitu kimoja mazoezi hayakutuambia. Kulwa alitoka hospitali siku ya tano. Doto alibaki wodi ya njiti siku tisa zaidi, na hilo kwa mapacha ni jambo la kawaida. Siku hizo tisa tulikwenda na kurudi hospitali mara tatu kwa siku kupeleka maziwa, na kiti cha kulia kikiwa kitupu. Shemeji alishauri nikitoe ili apate pa kukaa. Usikitoe. Daktari hutoa ruhusa kwa ghafla, asubuhi wakati wa raundi, na ukiwa umekiacha nyumbani utarudi kukifuata.